Chuma Hakina Ngozi

Maabara ya Hospitali
4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Namba yako ya simu haipatikani, huu mwaka wa saba, kwa hiyo safari hii nimetumia sanduku la posta la hapo karakana mnapotengeneza matangi ya maziwa. Kama nimekosea anwani, anayeisoma barua hii na airudishe tu, stempu ya kurudishia nimeiweka ndani.

Sikuandikii shida, usiikunje kabla hujamaliza. Nakuandikia jambo la kazi yako.

Nataka kununua mashine ya kuchomelea, ile ya TIG inayotumia gesi ya agoni. Si kwa biashara. Siku nzima nakodolea macho damu za watu kwenye darubini, na jioni narudi macho yameisha lakini mikono haijafanya kitu. Nataka jambo la kuishughulisha mikono wikendi. Kibanda cha nyuma nimeshakisafisha na umeme nimeuvuta. Nimekusanya laki tisa na nusu, na huo ndio mwisho wangu, hakuna nyingine inayokuja nyuma yake.

Nilikwenda dukani. Muuzaji alinipangia mashine tano mezani, na kila niliyoigusa akasema, "Hiyo ni moto, bosi." Zote ni moto. Ya laki tatu moto, ya laki tisa na elfu themanini nayo moto. Nimetoka pale nikiwa mjinga kuliko nilivyoingia.

Wewe ungenunua ipi, kama ungekuwa ndiyo unaanza na pesa ni hizi?

Mdogo wako wa mwisho

*

Karakana ya Matangi
15 Machi

Profesa,

Marahaba. Barua yako ililala siku mbili kwenye meza ya mlinzi kwa sababu hapa hakuna anayejua jina uliloandika juu ya bahasha. Hapa naitwa Milimita. Ukiandika tena, andika hivyo.

Acha kwanza niseme lililonikwaza, nimalize. Kazi iliyonila macho wewe unaitaka iwe burudani ya Jumamosi. Sawa. Nilishika rodi ya kuchomelea nina miaka kumi na mitano, kwa kioo cha kukinga macho kilichopasuka, na nilikuwa nalala na vipande vya viazi juu ya macho kama maiti aliyepambwa vibaya. Wewe ulikuwa na miaka minne, ukiona ule mwanga unalia. Leo unaufuata mwenyewe dukani na laki tisa na nusu mfukoni. Haya. Pesa ni zako.

Sasa sikiliza, maana yule wa "moto, bosi" atakula pesa hizo zote na nyumbani utafika na sanduku lenye taa nyekundu.

Mashine zote zimeandikwa 200 kwa herufi kubwa. Hiyo ni ampea, nguvu yake. Geuza mashine, tafuta bati dogo nyuma, soma herufi ndogo. Ukikuta asilimia thelathini, maana yake katika kila dakika kumi inafanya kazi tatu na kupumzika saba. Kwako inatosha. Mimi mwenyewe sijawahi kununuliwa kwa masharti mazuri kiasi hicho. Nimefanya kumi kwa kumi tangu siku ya kwanza, na goti la kushoto linajua.

Pili, pesa haziishii kwenye mashine, na hapo ndipo wanaoanza wanapopigwa. Wananunua mashine ya laki tisa, halafu wanakwenda kuulizia mtungi wa gesi na mikono mitupu. Mashine ihesabie nusu ya pesa yako, isizidi. Nusu ya pili ni mtungi, regileta, kofia ya kuchomelea, glovu na vikorokoro. Gesi iwe agoni tupu. Wakikuambia "hii imechanganywa kidogo tu, ni ya bei nafuu," toka dukani. Kwenye kofia usibane hata shilingi. Macho yako ndiyo yanalipa kodi ya nyumba.

Nijibu maswali matatu kabla sijakutajia mashine. Utachomelea chuma gani? Unene gani? Umeme wa hapo unashuka jioni au hapana?

Na kama jibu la kwanza ni alumini, usisumbuke kuniandikia. Alumini inataka mashine ya umeme wa AC, ile ya laki tisa na themanini, na wewe huna pesa hiyo.

Kaka yako

*

Nyumbani
20 Machi

Dada,

Shikamoo. Uko salama huko wodini kwako? Keti chini kwanza. Kaka amejibu. Kurasa nne! Kanitukana katika ukurasa wa kwanza, kisha tatu zilizobaki kanifundisha kama mtu anayelipwa.

Unajua nimemwandikia mara ngapi. Nilimwandikia nilipooa, kimya. Nilimwandikia mama alipolazwa, akatuma pesa bila hata mstari mmoja. Nikimwandikia habari za watu hajibu. Nimemwandikia habari za chuma, amejibu ndani ya siku kumi na moja. Basi na iwe chuma.

Nikueleze nilivyopanga. Ile fremu ya mama ya kutembelea, iliyopasuka pale kwenye kiungo alipoanguka bafuni mwezi uliopita, bado iko kibandani. Mama anatembelea mpya niliyomnunulia, lakini ile ya zamani nimeihifadhi. Nitanunua mashine kweli, nitaiunga ile fremu kweli, na kila nitakapokwama nitamwandikia kaka. Barua ya tatu au ya nne atakuwa amenizoea. Hapo ndipo nitamwambia kwamba mama anataka kumwona. Kila asubuhi anauliza kama posta wamefungua.

Tatizo ni kwamba fremu ni ya alumini, na kaka amesema alumini nisimwandikie. Nikimwambia ni alumini atauliza ni kitu gani, na nikikitaja atajua mama ameanguka, na mama ameniapisha nisimwambie. Nitasema ni chuma cha kawaida. Kuyeyusha ni kuyeyusha.

Unakumbuka alivyoondoka? Mimi nakumbuka sahani yake tu, chakula hajakigusa. Sherehe ya kuhitimu kwangu, yule mama mwenye miwani anamwuliza mama kuhusu watoto wake, mama anasema, "Huyu ndiye msomi wangu." "Na yule mkubwa?" "Yule fundi tu." Kaka alikuwa nyuma yao ameshika viti viwili. Miaka tisa, Dada, kwa ajili ya neno "tu".

Mdogo wako

*

Nyumba ya Wauguzi
27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma, nimecheka, halafu nimechoka.

Nyinyi wanaume mnapenda kuzunguka. Badala ya kumwandikia kaka yako "mama anakutaka," unanunua mtungi wa gesi. Na mama naye anajifanya hakuanguka, na kaka naye anajifanya hana kwao. Mimi ndiye niliyebaki kuwajulia hali wote watatu, na zamu yangu ni ya saa kumi na mbili mfululizo.

Fanya unavyotaka. Ila usimdanganye kuhusu kazi yake. Kwenye mambo mengine unaweza kumpiga chenga kaka, kwenye chuma huwezi.

Mwambie mama dawa ya asubuhi inaliwa asubuhi. Saa saba si asubuhi.

Dada yako

*

Maabara ya Hospitali
28 Machi

Kaka Milimita,

Shikamoo. Majibu ya maswali yako: ni chuma cha kawaida. Ni mabomba membamba, kipenyo milimita ishirini na tano, unene milimita moja na nusu, nimepima kwa kipimo cha maabara. Nataka kuunga viti vya bustani. Umeme unashuka kidogo jioni, mchana uko sawa.

Niambie sasa, na unitajie hesabu yote, nisije nikaaibika dukani.

Mdogo wako

*

Karakana ya Matangi
9 Aprili

Profesa,

Marahaba. Umepima kwa kipimo cha maabara. Sawa, angalau kuna kitu ulikwenda kusomea.

Kwa chuma cha kawaida chukua ya umeme wa DC, ampea 200, inayowaka kwa kubonyeza kitufe cha tochi, ule mkono wa kuchomelea, si ile ya kukwaruza kama kiberiti. Isizidi laki nne na elfu ishirini. Mtungi wa lita kumi ukiwa umejaa, laki mbili na kumi. Regileta yenye kipimo cha lita kwa dakika, hamsini na tano. Kofia, sabini. Glovu laini, kumi na tano, si zile nene za kubebea makaa. Sindano za tungsteni, zile ncha za tochi zinazotoa moto, ishirini. Waya wa kujazia kilo mbili, ishirini na nne. Jiwe la kunolea, nane, na liwe la sindano peke yake, usilinolee kisu cha jikoni. Jumla laki nane na elfu ishirini na mbili. Utabakiwa na laki moja na elfu ishirini na nane. Hizo usiziguse, ni za gesi ya pili, na itafika haraka kuliko unavyofikiri: mtungi huo una lita elfu moja na mia tano za gesi iliyoshindiliwa, ukifungulia nane kwa dakika una saa tatu na dakika saba. Wanaoanza wanauacha wazi wakiwa wanajikuna.

Ampea, hesabu arobaini kwa kila milimita. Kwa bomba lako sitini. Sindano inolewe kwa urefu, kama penseli, isilazwe ubavu. Na sindano isiguse dimbwi. Utaona chuma kinalainika, kinang'aa, kinakuwa kidimbwi kidogo cha mviringo kinachotikisika kama kiini cha yai. Subiri kidimbwi hicho. Usikikimbilie na waya. Mimi nilifundishwa kwa kofi kila nilipokikimbilia. Wewe nakufundisha kwa stempu.

Nimeona ajabu kidogo kukaa chini kuandika haya. Vijana wa hapa hawaulizi, wanatazama kwenye simu. Zamu ya wiki hii ni ya tangi la lita elfu kumi, ndani yake unaingia kwa tundu la kichwa, unachomelea umelala chali. Nikitoka nje nakaa robo saa bila kusema na mtu. Si hasira. Ni kwamba maneno yanakuwa mbali.

Niandikie ukiwasha.

Kaka yako

*

Maabara ya Hospitali
2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nilinunua kama ulivyosema, nikapunguziwa elfu mbili kwenye glovu. Muuzaji akaniuliza, "Nani amekufundisha, bosi?" Nikasema kaka yangu. Akasema, "Huyo mlete hapa tumwajiri." Nimekuandikia ili ujue.

Lakini kazi imenishinda, Kaka. Nimeweka ampea sitini. Nikasubiri dimbwi kama ulivyoniambia. Dimbwi haliji. Juu panakuwa na utando wa kijivu, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, panakunjamana, waya ukigusa haushiki. Nikaongeza mpaka themanini. Bado ngozi ile ile, na pembeni masizi meusi. Halafu ghafla, bila hata kuwa jekundu, bomba likadondoka. Nilianzia karibu na vile vitundu vya kurekebishia urefu, nikafikiri kwa kuwa ni pembeni mwa kiungo haitadhuru. Sasa pana tundu linaloingia kidole gumba, na mpira wa mguuni umeyeyuka.

Sindano nimenoa mara sita. Gesi iko nane. Nimefanya kosa gani? Kiti hiki cha kwanza nilitaka kitoke vizuri.

Mdogo wako

*

Karakana ya Matangi
10 Mei

Mdogo wangu,

Chuma hakina ngozi.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Chuma kinawaka chekundu kabla hakijayeyuka, mwendawazimu gani hajui hilo. Kinachodondoka bila kuwa chekundu ni alumini. Ngozi uliyoiona inayeyuka kwa nyuzi elfu mbili, nyama iliyo ndani yake inayeyuka kwa mia sita na sitini. Ndani pamekuwa maji, nje bado pameshikilia, mpaka panaachia pote kwa mara moja. Mashine ya DC haiivui ngozi hiyo. Ya AC ndiyo inayoivua. Nilikuambia. Nilikuandikia, kwa mkono wangu, mwisho wa ukurasa wa nne.

Sasa twende kwenye hesabu. Bomba la alumini milimita ishirini na tano. Vitundu vya kurekebishia urefu. Mpira mguuni. Kiti gani cha bustani kinarekebishwa urefu? Unakaa na twiga?

Hiyo ni fremu ya kutembelea. Nimeona za namna hiyo mia. Mpya inauzwa elfu themanini na tano. Wewe umetumia laki nane na elfu ishirini, ni bei ya fremu tisa na ya kumi ikiwa na miguu miwili na nusu, kuunguza moja.

Mke wako ana miaka thelathini. Dada ana miguu ya kukimbizana na wagonjwa. Hapo nyumbani kwako anayebaki ni mmoja.

Ameanguka lini? Usiniandikie habari ya ampea tena. Nijibu hilo.

Kaka yako

*

Nyumbani
16 Mei

Kaka,

Shikamoo. Alianguka tarehe kumi na tatu Februari, kwenye kizingiti cha bafuni. Nyonga haikuvunjika. Alipasuka hapa juu ya nyusi, nyuzi nne, na fremu ikapasuka kwenye kiungo. Fremu mpya nilimnunulia siku ya tatu, kwa elfu themanini na tano kama ulivyosema. Anaitembelea mpaka leo. Ile niliyoiunguza hakuna anayeihitaji.

Kwa hiyo hesabu yako ni sahihi lakini umehesabu kitu kingine. Sikununua mashine kwa ajili ya fremu. Nilinunua kwa sababu ukiandikiwa habari za chuma unajibu. Nimekuandikia barua saba ndani ya miaka tisa. Hukujibu hata moja. Nilipouliza mashine ukanijibu kurasa nne. Ungekuwa mimi ungefanya nini?

Nilikudanganya kwenye kazi yako, na Dada alinionya. Naomba radhi kwa hilo, si kwa mengine.

Mama anataka kukuona. Hajaniambia niandike hivi. Ila macho yake ya jioni yamekuwa mabaya, mtu akiingia anasubiri sauti kwanza ndipo ajue ni nani. Kila mwanamume anayekohoa mlangoni anamwita kwa jina lako. Fundi bomba ameitika mara mbili kwa heshima.

Najua lile neno. Nilikuwepo. Sina la kuongeza juu yake kwa sababu lilisemwa kwa ajili ya kunisifu mimi, na tangu siku hiyo sifa hiyo sijaifurahia hata mara moja.

Mdogo wako

*

Nyumbani
22 Juni

(Mama anasema, mimi naandika. Ameniapisha nisibadilishe neno. — Mdogo)

Mwanangu mkubwa,

Wiki tano hujajibu, nimeamua kusema mwenyewe. Ukishindwa kusoma mwandiko huu mlaumu anayeandika, amesomeshwa mpaka mwandiko ukaharibika.

Ameniambia yote. Nikamwuliza, umetumia pesa zote hizo kuunguza kitu nilichokuwa nimeshakitupa? Akakaa kimya. Mnafanana nyinyi wawili. Wote mnajua kukaa kimya kwa gharama kubwa.

Sikutaka uambiwe nimeanguka. Ungetuma pesa. Pesa zako nazijua, zinafika haraka na zinafika peke yake. Kuanguka kwangu sikukupangia bei.

Sasa lile la sherehe. Wanasema hapa ndani kwa kunong'ona, wakidhani masikio nayo yameharibika. Nilisema. Nilisema "yule fundi tu." Dada yako aliwahi kuniambia niseme sikumbuki. Nakumbuka mpaka rangi ya miwani ya yule mama.

Aliniuliza mkubwa amesomea wapi. Ningemwambia nini? Kwamba baba yenu alipofariki nilihesabu midomo, nikaona mmoja lazima atoke darasani, nikakutoa wewe? Mwalimu wako alikuja nyumbani mara mbili. Mara ya pili alikuja na daftari lako la hesabu, akalifungua mezani, akaniambia mama, huyu ni wa kwanza katika madarasa yote matatu, nipe mwaka mmoja tu. Nikamwambia chai itapoa. Shati lako la shule nililifua, nikalikunja, na miaka mingi baadaye nikamvalisha huyu anayeandika.

(Sikuwa najua hili. — Mdogo)

Endelea kuandika. Kwa hiyo aliponiuliza, mbele ya wale wote wenye vyeti, niliogopa swali la pili. Ukisema "amesomea hapa" watu wanakwenda mbele, ukisema "hakusoma" wanauliza kwa nini. Nikasema fundi tu, mdomo wake ukafunga. Nililitia lile "tu" kama mtu anayefunga mlango kwa mguu. Sikujua umesimama upande wa pili umeshika viti.

Haikuwa aibu yako. Ilikuwa yangu, nikakuvika wewe, kama nilivyomvika huyu shati lako.

Basi. Sikuombi uje.

(Anaomba. — Mdogo)

Umeandika nini hapo? Nisomee. Haya, liache.

Mama yako

*

Karakana ya Matangi
11 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliipata tarehe mosi. Siku kumi hizi sikuwa nimenuna. Kila nikikaa kukujibu nilijikuta naandika hesabu. Karatasi tatu: miaka niliyofanya kazi, zamu, saa nilizolala chali ndani ya matangi, ada za nani nililipa mwaka gani. Hesabu zilikuwa sahihi zote. Nilizichana hivyo hivyo zikiwa sahihi.

Sijapoa, Mama. Nakuambia mapema usije ukamtarajia mtu mwingine. Goti bovu, nasema kidogo, na nikikaa na watu wenye vyeti bado mikono natafuta pa kuiweka. Kwamba nilikuwa wa kwanza katika madarasa matatu nilikuwa najua. Kwamba wewe ulijua, hilo sikulijua. Siku ile uliyonikabidhi kwa fundi wa rodi nilidhani umeona sina kichwa. Nimebeba hilo tangu nina miaka kumi na mitano, na nimelibeba bure.

Mwambie Profesa mashine asiiuze. Atafute mabomba ya chuma, chuma chenyewe, anisubiri.

Na mimi ninalo la kukuambia, ni afadhali ulisikie kutoka kwangu.

Nilipoandikishwa hapa, mwaka ule ule wa sherehe, waliniuliza wazazi. Baba, nikasema amefariki. Mama, nikasema naye pia. Haikuniuma hata kidogo wakati ule, ilikuwa nyepesi kusema kuliko nilivyofikiri. Mtu asiye na mama hakuna anayemwuliza mbona sikukuu haendi kwao. Miaka tisa nimekula mkate wangu hapa kama yatima. Wenzangu wananiachia zamu za sikukuu, zenye malipo ya juu, kwa huruma, na kwenye mapumziko mke wa mlinzi ananiletea chai bila kudai, anasema huyu hana mtu.

Jana nilikwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa ya siku nne. Akashika fomu, akauliza sababu. Nikasema, kumwona mama.

Akaweka kalamu chini. "Milimita, mama yako si alifariki?"

Nikamwambia nilikosea.

"Ulikosea," akasema. "Mtu hukosea tarehe. Wewe umekosea mama mzima?"

Nilikuwa nimesimama pale na kofia mkononi. Hakucheka. Alikwenda kabatini, akatafuta faili langu mpaka vumbi likampigisha chafya, akaligeuza upande wangu na kuniwekea kidole kwenye mstari wa mama. Akasema hawezi kunipa ruhusa ya kumtembelea marehemu, kwa hiyo nilikate neno "amefariki" kwa mkono wangu na niweke sahihi pembeni. Kalamu yake haikuwa inaandika vizuri. Nilipita juu ya neno lile mara tatu mpaka likafutika lote, kisha pembeni nikaandika kwamba yuko hai, na tarehe ya jana.

Nafika Jumamosi, saa nane mchana. Nitasema mlangoni ni mimi.

Mwanao